Risala ya wachakataji dagaa wa mwalo wa Kayenze, Ilemela, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, mwenyekiti wetu wa mtaa, afisa uvuvi, wenzetu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi hapa mwaloni), akina mama na vijana wote wa mwaloni, mwabeja sana kwa kuja. Tunajua ratiba yako ilivyobana, kwahiyo kufika tu huku kwetu tumepokea kama heshima kubwa.

Mheshimiwa, kikundi kilianza na akina mama watano waliokuwa wananunua dagaa kwa ndoo kwenye mitumbwi na kuanika mchangani, leo tuko 23 na vijana sita wamo. Historia ni hiyo, tusikuchoshe.

Kuhusu ubunifu, tunathubutu kusema biashara ya dagaa kwenye mwalo huu tumeibadilisha kabisa sisi. Tulianza na chanja, yaani meza za kuanikia zilizoinuliwa juu ya ardhi. Dagaa wa mchangani anakauka juu huku chini anavunda, kuku wanapita, mbwa wanapita, mteja anatafuna mchanga, ndio maana mzigo mwingi wa namna hiyo unaishia kuwa chakula cha kuku. Wa kwenye chanja upepo unampitia juu na chini, jua likiwa kali anakauka siku hiyohiyo na anabaki anang'aa, ukimpeleka pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba wanunuzi wanaopeleka Kongo wanamjua kwa macho tu na bei hawabishani sana. Alafu vijana wakaleta dagaa wa kukaanga wa pilipili kwenye pakiti, picha zinarushwa WhatsApp, mteja wa Dodoma analipia kwa simu, mzigo unapanda basi jioni. Zamani tulikuwa tunamsubiri mchuuzi atupangie bei, sasa hivi oda zinatufuata wenyewe.

Sasa mheshimiwa tufike kwenye jambo lenyewe. Chanja haina paa. Kuanzia Machi mpaka Mei mvua inanyesha na uvuvi ziwani hausimami, giza likiingia mitumbwi inaenda na taa zake za sola na alfajiri inarudi imejaa, tunanunua, tunaanika, saa tatu wingu linafunga na kesho yake harufu imeshaanza. Masika iliyopita ilifika siku tatu hatujaliona jua, mzigo wa pesa za kukopa tukauuza kwa bei ya kutupa, mwingine tulifukia. Na hasara kubwa sio hata ule mzigo, ni wale wateja wa kwenye simu, mtu amezoea kupata pakiti zake kila wiki ukimkosesha wiki mbili anahamia kwa mwingine na harudi, kwahiyo kila masika ikiisha tunaanza kutafuta wateja upya kama vile ndio tumefungua biashara jana.

Tunachoomba ni kaushio moja kubwa, chumba cha fremu kilichofunikwa nailoni nzito ya kuhimili jua, ndani chanja za ghorofa, feni za kutoa unyevu, na jiko la pembeni la kupasha hewa siku ambazo jua halipo kabisa. Vijana wetu walitengeneza kadogo kwa mbao na nailoni na kanakausha hata siku ya mawingu, ila kanabeba ndoo tatu basi. Eneo tunalo, muhtasari wa mtaa upo, makadirio ya fundi yako kwenye faili, barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, tunayo na alama ya ubora ya TBS tunaitaka sana, lakini bila sehemu safi ya kukaushia hatuwezi kusogea.

Mheshimiwa utuwie radhi kwa hili tunalosema, hatulisemi kwa ubaya. Ombi hili linasomwa hapa mara ya tatu. Mgeni wa kwanza alituambia mwezi mmoja. Wa pili alichukua nakala, akapiga picha na chanja zetu, akaahidi nailoni na feni kabla ya masika, na masika zimepita mbili. Akina mama kwa kuamini lile neno walichangishana wakamwaga msingi, kuna mwenzetu aliuza mbuzi wake wawili. Msingi ni ule pale nyuma ya hema, umeota nyasi.

Kama yote hayawezekani tunaomba utuambie ukweli hapahapa, hata nailoni peke yake, fremu tutajua wenyewe. Kama ni mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya akina mama, vijana na wenye ulemavu tuko tayari na kurejesha hatuogopi, tunachoomba tu mkopo usitoke mzigo umeshaoza.

Kitabu cha wageni kiko mezani. Waliotangulia walituandikia kazi nzuri endeleeni na tunashukuru, wewe tunakuomba utuandikie tarehe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba kuwasilisha, na ukishapokea akina mama watakusindikiza mpaka pale kwenye msingi.

Katibu wa kikundi