Barua kwa Meneja: Injini Yangu na Ufunguo Mliompa Dereva wa Tuktuk

Malindi,
14 Aprili.

Kwa Meneja Mkuu,
kupitia kwa meneja wa tawi la Malindi.

Bwana Meneja,

MINTARAFU: KUHARIBIWA INJINI YA SUBARU IMPREZA WRX STI, NA KUDHARAULIWA MWENYE GARI

Salamu nyingi. Natumai hujambo na biashara inakwenda. Gari langu haliendi. Tangu tarehe 24 Machi liko juu ya mawe manne uani kwangu, injini imeteremshwa, na kuku wameanza kutaga chini ya bampa. Nimengoja wiki tatu nzima nikisema hasira zipoe ndipo niandike. Hazikupoa, ila nitajitahidi kuwa na adabu.

Taratibu za gereji yenu mnazijua kuliko mimi. Mmezibandika ukutani pale mapokezi, karibu na ile feni isiyozunguka, na ya tatu inasema mteja ataelezwa kazi iliyofanywa kabla hajalipa. Mteja. Naomba ulishike neno hilo.

Jumamosi tarehe 22 Machi, saa tano na nusu asubuhi, nilikuja kuchukua gari. Nilikuja kwa tuktuk. Dereva hakuwa na chenji ya elfu moja, nikamwambia aingie nami nivunje noti pale kaunta. Kijana wa watu, rika la kitinda mimba wangu, akasimama nyuma yangu, kofia mkononi. Fundi wenu mkuu akatoka ndani akifuta mikono kwa kitambaa. Nikamsalimu, nikamuuliza mambo matatu: presha ya tabo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, ameiweka ngapi, ameipimia wapi, na logi za majaribio, yaani kumbukumbu za vipimo, ziko wapi. Macho yake yakanipita juu ya bega yakamtua yule kijana. "Mwenye gari ni wewe?" Kijana akatikisa kichwa. Nikasema, "Mwenye gari ni mimi." Akajibu, "Sawa, mama." Kisha akanizunguka, akamwekea dereva wa tuktuk ufunguo wangu kiganjani, akamwambia: "Gari iko poa. Mwambie asiikanyage sana mpaka izoee."

Ufunguo ule una kishikio cha ngozi alichonishonea marehemu baba kwa uzi wa tanga. Akapewa mtu aliyekuja kudai nauli yake ya shilingi 150.

Sasa nikueleze kwa nini niliuliza. Injini ile ni EJ207, boksa ya silinda nne, sisi 1994, na ilitengenezwa Japani kwa petroli ya okteni karibu 100. Petroli hiyo Malindi huipati, hata uzunguke stesheni zote kutoka Barani mpaka Mambrui. Mimi nilikuwa nimebadilisha bomba la mwanzo la egzosti na pampu ya petroli, na mtu akishagusa hivyo viwili kompyuta ya injini lazima ipangwe upya. Ndiyo kazi niliyowaletea tarehe 11 Machi, pamoja na belti ya taimingi, maana gari linakaribia kilomita 100,000 na belti ile ikikatika vali na pistoni hugongana. Niliandika kwenye fomu yenu, kwa mkono wangu: presha isizidi baa 1.1, mapu, yaani maagizo ya kompyuta ya injini, itungwe kwa petroli ya hapa na joto la hapa, logi zichapishwe. Karani wenu akagonga muhuri. Nakala ninayo.

Mlichofanya nilikijua langoni. Yule mwanafunzi wenu wa ufundi, mtoto mwenye adabu na nakuomba asije akafukuzwa kwa hili, alinifungulia lango huku anasifu: "Mama, hii mapu ndiyo tunayoweka magari yote ya Nairobi!"

Ya Nairobi, Bwana Meneja! Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa yake nyepesi, presha yake pungufu ya hii yetu kwa karibu moja ya tano. Tabo ya kule huamrishwa kwa nguvu zaidi ndipo ifikishe presha inayotakiwa. Chukua amri ile ile uilete huku ambako mawimbi yanasikika kutoka gereji kwenu, tabo itakuta hewa nzito na itapitiliza. Tena lile jedwali la mapu linalopanga moto wa plagi uwake lini lina safu za juu, za presha kubwa, ambazo gari la Nairobi halizifikii kabisa, kwa hivyo mtungaji hana sababu ya kuzishughulikia. Gari langu liliingia humo siku ya kwanza. Ongeza joto la Machi, hewa inayoingia ikiwa imekwisha kupikwa kabla haijafika kwenye silinda. Haya si mambo ya siri. Mimi nauza vipuri vya injini za mashua, nimekulia miguuni pa fundi nikimshikia tochi, na ningeyaeleza yote kwa dakika tano lau fundi wenu angeniona nimesimama pale.

Jumatatu nilikwenda Kilifi. Nilipopita Msabaha nikakanyaga kidogo gia ya nne, saa ya presha niliyoifunga mwenyewe kwenye dashibodi ikaruka mpaka 1.5. Nikaondoa mguu papo hapo. Nikapiga simu yenu ya huduma kandokando ya barabara, msitu wa Arabuko-Sokoke kulia kwangu, nikaambiwa fundi yuko kwenye chai. Saa nne na robo. Nikapiga tena nikiwa Kilifi, nikaambiwa yuko swalani, na adhuhuri ilikuwa bado. Nikaamua kurudi polepole. Karibu na Matsangoni, nikilipita lori la mchanga, tabo ikaamka bila kuombwa: 1.6. Nikasikia sauti ambayo kila mwenye gari la tabo huiota usiku, kama karanga kavu zikitikiswa ndani ya mkebe. Sekunde mbili, labda tatu. Halafu moshi wa buluu kwenye kioo cha nyuma.

Injini ilikuwa imenoki. Bredauni ya kunirudisha Malindi, shilingi 9,000. Risiti nimeambatisha.

Jioni ile simu yangu ikalia. Ujumbe wenu: "Mpendwa Bwana, ahsante kwa kutuletea gari lako." Bwana!

Fundi wangu wa Maweni aling'oa plagi zote nne mbele yangu akazipanga juu ya gazeti. Tatu rangi ya kahawia, kama inavyotakiwa. Ya silinda namba 4, kaure yake nyeupe ilikuwa imejaa vichembe vya alumini, vidogo, vinameta kama magamba ya dagaa. Hiyo ilikuwa pistoni yangu, ndiyo inamwagika. Akapima kompresheni, yaani kila silinda inabana hewa kwa nguvu gani: 140, 135, 140, na namba 4 ikatoa 50. Hedi ilipofunguliwa tukakuta ukingo wa ringi umevunjika kipande kama ukucha wa kidole gumba. Na oili! Niliwaachia lita tano za sinthetiki 5W-40 nilizonunua kwa pesa yangu. Kibandiko mlichokibandika nyinyi wenyewe chini ya boneti kinasema 20W-50. Mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na hauna mlinzi ila utando wa oili hiyo. Lita tano zangu ziko kwenye injini ya nani sasa?

Wala sijasahau mapu yangu ya zamani, ile niliyoitumia miaka minne bila hitilafu. Mmeandika juu yake bila kuhifadhi nakala. Nilipouliza kwa simu, mtu mmoja asiyetaja jina akaniambia "hizo zinapatikana tu." Zinapatikana wapi?

Lakini narudi kwenye ufunguo, maana injini hutengenezwa.

Pale mapokezi hatukuwa peke yetu, na hili sikulisema hapo juu kwa sababu linanichoma. Kwenye benchi walikaa wateja watatu. Mmoja ni mzee wa Shela anayenijua tangu nikisuka nywele mbili. Alishusha macho kwenye simu yake akajifanya anasoma. Wawili walicheka. Karani wenu, mwanamke mwenzangu, akaanza kupanga risiti zilizokwisha kupangwa. Na yule dereva wa tuktuk, ufunguo umo kiganjani mwake kama amepewa kaa la moto, akasema, tena kwa sauti ndogo: "Lakini gari ni la huyu mama." Unajua fundi wenu alimjibu nini? "Najua. Ila wewe utaelewa."

Najua! Kwa hiyo hakukosea. Alijua gari ni la nani, alijua nimeuliza nini, na alichagua kumweleza mtu ambaye hakuuliza neno. Kijana akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mama yake maji, na akakataa nauli. Ikabidi nimfuate nje nimlazimishe. Nami, kwa aibu, nikitaka tu kuondoka mahali pale, nikalipa shilingi 46,500 bila ripoti, bila logi, bila neno. Hilo ndilo kosa langu katika kisa hiki chote, na ndilo peke yake.

Gari la aina hii ndilo lililompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka 1997, kwenye barabara za nchi hii hii, matope na vumbi. Limefika kwenu, likafia kwenye lami ya Matsangoni kando ya lori la mchanga.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai mambo mawili tu: shilingi zangu 46,500 zirudi, na mapu yangu ya zamani itafutwe popote mlipoitupa. Nilikusudia kukupa siku 14. Nimeisoma upya barua hii kutoka juu na nimebadili nia.

Injini itatengenezwa kwa gharama yenu, na fundi nitamchagua mimi. Kadirio limeambatishwa: pistoni nne, ringi, beringi za krenki, seti ya gasketi, kusafishwa njia zote za oili, kukaguliwa tabo, na kazi, jumla shilingi 286,000. Msinitumie kijana wenu aje "kuangalia." Juu yake weka 46,500, weka 9,000 za bredauni, weka bei ya oili lita tano. Mapu mpya itatungwa hapa hapa Malindi, gari likiwa linaendeshwa kwenye joto hili na petroli hii, na mimi nikiwa nimekaa kiti cha abiria nikisoma kompyuta. Logi zote nitapewa, karatasi kwa karatasi. Muda ni siku saba.

Nataka pia barua ya kuomba radhi, imeandikwa jina langu, wala isianze na Bwana. Na fundi mkuu aje mwenyewe. Asije nyumbani kwangu, aje pale pale mapokezi, siku ya Jumamosi wakati benchi limejaa, aniambie kwa kinywa chake presha aliyoiweka ilikuwa ngapi. Dereva wa tuktuk nitamleta. Namba yake ninayo.

Mkinyamaza, Ibara ya 46 ya Katiba inajua haki ya mlaji ni ipi, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari. Mpe mwanasheria wenu aisome kabla yangu. Madai yangu hayafiki milioni moja, kwa hiyo yanaingia vizuri kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambako sihitaji hata wakili na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Nina fomu yenye muhuri, nina plagi ndani ya mfuko wa nailoni, nina pistoni, nina picha za kibandiko, na nina shahidi aliyeshika ufunguo.

Nimesema siku saba? Wiki hii kuna Ijumaa Kuu na Pasaka imekaribia, na najua ofisi zenu zitakavyojificha nyuma ya sikukuu. Nataka jibu la maandishi kabla ya Alhamisi hii saa kumi jioni. Msipige simu, nimechoka kuambiwa nani yuko kwenye chai. Ijumaa nitakuwa nimejaza hati ya madai, na Jumamosi nitalileta gari lenyewe, kwa bredauni hiyo hiyo, niliweke mbele ya lango lenu boneti ikiwa wazi, kila anayepita aje atazame.

Ahsante kwa kunisoma.

Wako,

Mwenye gari.

Viambatisho: nakala ya fomu ya tarehe 11 Machi, risiti mbili, kadirio la matengenezo, picha sita. Plagi nabaki nayo.