Kaka, hujakosea popote

Kaka yangu, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu tukikaa ana kwa ana utanikatiza uniambie mambo yako shwari. Halafu najua wako wengi watakaoisoma barua hii wadhani nimewaandikia wao.

Usiku ule uliponipigia simu ulikuwa unanong'ona. Nikakuuliza uko wapi, ukasema uko ndani ya gari, nje ya nyumba yako mwenyewe, hutaki watoto wasikie. Ukaomba nikukopeshe hela ya kufikia mwisho wa mwezi, na tarehe ilikuwa tisa tu. Kabla ya kukata ukauliza, "Nimekosea wapi?" Swali hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Hujakosea. Niliiona slipu yako ya mshahara siku tulipokuwa tunatafuta kadi ya bima ya mama. Juu kuna tarakimu ambayo ukoo mzima unajivunia. Chini yake yanaanza makato: kodi, pensheni, bima, marejesho ya mkopo wa gari, marejesho ya mkopo wa ada. Jicho likifika mstari wa mwisho, kilichobaki hakifiki theluthi. Na ile bima yenyewe ilifika ukomo siku ya nne, mama akiwa bado wodini. Siku zilizobaki ulizilipia wewe, kwa mkopo mwingine.

Tunaambiwa uchumi unakua, na kweli unakua. Lakini takwimu za ukuaji hazisemi ni nani analala na uhakika kwamba kesho kazi ipo. Itazame Indonesia. Ukiacha miaka ya korona, uchumi wake umekuwa ukikua kwa takribani asilimia 5 kwa mwaka, na bado idara yao ya takwimu ilihesabu tabaka la kati likipungua kutoka watu milioni 57.33 mwaka 2019 hadi milioni 47.85 mwaka 2024. Mamilioni hayo hayawezi kuwa wote ni wafujaji. Hata huku Afrika, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipolipima tabaka la kati mwaka 2011, iliwaingiza wote wanaotumia dola 2 hadi 20 kwa siku, wakawa kama theluthi ya bara zima. Karibu asilimia 60 yao walikuwa kati ya dola 2 na 4 tu, na benki ikawaita tabaka linaloelea, yaani watu ambao pigo moja tu linaweza kuwarudisha kwenye umaskini. Wewe uko juu ya hapo, najua. Ila mshahara wako ukikatika miezi miwili, nawe utaanza kuelea.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mtu kama wewe hulipa mara mbili. Kodi yako inakatwa kabla hujaiona, maana mwenye ajira rasmi ndiye rahisi kumpata. Kisha shule na hospitali za umma zikizidiwa, unalipia za binafsi kwa kile kilichobaki. Ukiyumba, misaada ya kaya maskini haikuhusu, kwa sababu una gari. Gari lenyewe bado ni mali ya benki! Ni haki gani hiyo?

Kwa hiyo acha kujilaumu kwa soda uliyomnunulia mtoto. Hakuna bajeti ya daftarini inayoweza kubeba ugonjwa wa mzazi, ada na mkataba wa kazi unaoisha kila mwaka, vyote juu ya bega moja.

Nina ombi moja. Mwambie wifi. Amekwisha kuhisi, kaka; juzi aliniuliza kwa nini siku hizi ukifika nyumbani unachelewa kushuka kwenye gari.

Jumapili mchana nitakuwepo. Njooni wote wawili na karatasi zote, pamoja na ile mikopo ya simu unayokopa huku ukilipa kule. Tutaanza na hiyo.

Mdogo wako