Harusi haipangwi kwa siku moja

Kwa Mhariri,

Nakodisha mahema, viti na meza hapa Kisauni, Mombasa. Nina viti 600 vya plastiki, mahema tisa na lori moja ambalo umri wake ni bora nisiutaje. Kila kafyu ya korona inapoongezwa muda nasikia redioni wakijadiliwa wenye baa, wenye matatu na makanisa. Sisi wa sherehe hatutajwi, labda kwa kuwa watu hufika wakakuta hema limeshasimama na huondoka kabla halijang'olewa.

Siandiki kuomba kafyu iondolewe. Nimezika jamaa wawili katika mwaka huu na nusu, na mmoja wao tulimzika tukiwa 15 kama ilivyoamriwa. Nilipeleka viti 15, nikaacha lori nikavibeba kwa mkokoteni. Najua tunakimbia nini. Ninalotaka kusema ni kwamba kazi hii imeshajigeuza kadiri inavyoweza. Idadi ya wageni tunaimudu, saa ya kufunga tunaimudu. Kinachotuumiza ni kutangaziwa leo jambo linaloanza leo.

Asiyejua harusi za Mwambao huenda asielewe kafyu ilitukata wapi. Nikaha husomwa msikitini kungali mchana, haina taabu. Sherehe yenyewe, ile ya kupamba, ni ya wanawake na ni ya usiku. Zamani bibi harusi alitolewa saa tano usiku, na watu wakarudi makwao saa saba viatu mikononi. Machi 2020 kafyu ilianza saa moja jioni. Juni ikasogezwa hadi saa tatu, Septemba saa tano, Novemba ikarudi saa nne, na hapa kwetu ndipo ilipo hadi sasa, Septemba 2021. Kila ilipocheza, nasi tulicheza nayo. Harusi za kwanza zilizorejea, bibi harusi alitolewa saa nane mchana.

Mchana wa Februari chini ya turubai ni tanuri. Wanja wa bibi harusi ukichuruzika, mpambaji ananitazama mimi utadhani jua ni langu. Niliuza nusu ya taa zangu za rangi, ambazo mchana hazina maana, nikanunua feni sita kubwa za kusimama. Sasa feni ndizo zinazoniletea wateja.

Chakula nacho. Biriani letu huliwa kwenye sinia, watu wanne au watano, na mtu mzima akikusogezea kipande cha nyama upande wako unajua umependwa. Hilo lilikatika. Wapishi wakaanza kufunga biriani kwenye vibakuli vya foili, kila mgeni na chake, wengi wakaenda kula nyumbani. Mpishi ninayefanya naye kazi analalamikia bei ya vibakuli, lakini akiulizwa vizuri anakiri kwamba sasa anajua sufuria moja inatoa vingapi, na wale wageni wa sinia la pili wamekwisha.

Jambo ambalo sikulitarajia kabisa ni kamera. Kupamba hakupigwi picha. Mlangoni huketi shangazi na kapu, simu zinaingia kapuni, basi. Lakini ndugu walioko Maskati, Dubai na London hawakuweza kusafiri, na mama harusi haoni raha kumwoza binti bila dada zake kushuhudia. Ikabidi watafutwe wasichana wanaojua kurusha picha moja kwa moja kwenye intaneti, maana mwanamume haruhusiwi humo hata kushika waya. Yupo binti wa mtaani kwetu aliyemaliza chuo akakaa bure. Leo ana kamera mbili, na nywila ya kutazamia huwapa wale tu ambao familia imewaandika majina. Anatoza zaidi yangu. Nilimtania kwamba anaombea kafyu isiishe. Akanijibu, "Siombi, ami, lakini kodi ya nyumba nailipa."

Kwangu si rahisi hivyo. Hema lisilotumika huoza upesi kuliko linalotumika. Hewa ya bahari ikilikuta limekunjwa stoo, mwezi mmoja tu limeota madoa meusi ya ukungu, na hakuna mteja anayetaka madoa juu ya keki. Panya nao hupenda kamba. Kwa hiyo katika miezi ile ya mwanzo, harusi zilipokuwa zimesimama, tulikuwa tukiyasimamisha mahema uwanjani kila mwisho wa mwezi yapate upepo. Mara ya kwanza watoto walikuja mbio kuuliza ni harusi ya nani. Mara ya tatu hawakuuliza tena. Mei 2020 Mji wa Kale wa hapa Mombasa ulipofungwa, watu wasiingie wala kutoka, viti vyangu 120 vilikuwa huko ndani, nilivipata Juni.

Aprili 2020 wasanii walitengewa shilingi milioni 100. Vizuri, walistahili. Mbeba viti si msanii, kwa hiyo hakuna daftari lililokuwa na jina lake. Kati ya vibarua wangu saba, wanne walihamia bodaboda na wawili hawajarudi.

Lakini iliyonifanya nishike kalamu ni Ijumaa ya tarehe 12 Machi mwaka huu wa 2021, ingawa imenichukua miezi sita kuandika. Harusi ilikuwa kesho yake. Ruhusa ilikuwa wageni 200, nasi tumepanga viti 190. Tukiwa tunafunga vitambaa kwenye migongo ya viti, habari ikaingia kwenye simu: mwisho wageni 100. Mama harusi aliketi kwenye kiti kimoja katikati ya uwanja, daftari la majina mapajani, kalamu nyekundu mkononi. Alianza kukata majirani, akasita, akahamia kwa watu wa kazini kwake. Kufikia magharibi alikuwa amekata majina 60 na machozi yanamtoka. Mpishi alishanunua mbuzi na mchele. Mimi nilirudisha viti 90 kwenye lori, na kwa kuwa ni jirani nikamrudishia pesa yake. Wengine waliokuwa wamepokea arubuni hawakuweza. Mwenye maua, kwa mfano, maua yameshakatwa, atayarudisha wapi?

Najua nitaambiwa ugonjwa haungoji. Ni kweli. Lakini nyingi ya amri hizi hutolewa kwa muda maalumu, siku 30 au 60, na mwisho wake unajulikana tangu mwanzo. Litakalofuata litangazwe angalau wiki moja kabla ya siku hizo kwisha. Na ikiwa ni dharura kweli, basi sherehe zilizobakiza siku tatu ziachwe zimalizike kwa idadi ya awali, uwanjani, kwa barakoa.

Jambo la pili ni dogo. Sherehe ikimalizika saa tatu usiku, kung'oa mahema kunachukua saa mbili. Malori ya mizigo hupita usiku kucha, lori la viti husimamishwa. Vibarua hulala papo hapo chini ya hema, na hema lililolala uwanjani limekosa harusi ya kesho yake asubuhi. Kibali cha saa mbili kwa watu wanne na gari ambalo namba yake inajulikana kingetosha.

Kuhusu mikutano ya siasa sitasema mengi, kila mtu ana macho. Nitasema tu kwamba wao pia hunikodi viti, pesa zao nimezipokea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza vimefika mia ngapi.

Jumamosi hii nina harusi Bamburi, wageni 100, feni zote sita, tunaanza saa tatu asubuhi. Nimemshauri mama harusi aandike orodha mbili, ya watu 100 na ya watu 50, na hiyo ya pili asimwonyeshe mtu.

Mkodishaji wa mahema,
Kisauni, Mombasa
Septemba 2021