Neema, gari nilitoe kwa bei gani?

Dar es Salaam
Jumanne usiku

Shoga yangu Neema,

Hujambo mwenzangu? Watoto hawajambo? Mama yako mpe shikamoo yangu, mwambie zile ndizi zilifika salama na hazikulala. Huku wazima, joto tu na foleni. Najua nimekaa kimya, nawe umekaa kimya, kwa hiyo hakuna wa kumdai mwenzake. Nilianza kukurekodia sauti nikaona inazidi kurefuka na jambo lenyewe sijaligusa. Bora niandike, usome ukiwa umetulia na hao watoto wamelala.

Nauza gari. Ndiyo, lile lile, Toyota 86 yangu. Usipige kelele kwanza.

Unajua Mama yangu amehamia kwangu tangu goti limzidi. Kliniki yake iko Muhimbili, na anayempeleka ni mimi. Sasa lile gari siti yake iko chini mno na milango ni miwili tu, mirefu. Kuingia anaingia, anajishusha taratibu akishika mlango. Kutoka ndiyo shughuli. Juzi pale nje ya kliniki mlinzi kamshika mkono huu, mimi nimeshika huu, miguu imeshafika chini, kiuno bado kimo ndani, watu wamesimama wanatazama. Mama anacheka mpaka machozi: "Jamani, nashuka au nazaliwa?" Nilicheka pale, lakini usiku nilikaa nikafikiri, nikaamua. Litoke hili, iingie Toyota Raum. Zile za toleo la pili, upande wa kushoto mlango wa nyuma unateleza na katikati hakuna nguzo, ukifungua yote miwili mtu anaingia na mkongojo wake bila kuinama sana. Wajapani walipoitengeneza waliwafikiria wazee. Siyo gari la kumpigia mtu picha, lakini Mama atashuka mwenyewe.

Kuuza nimeshakubali moyoni. Kinachoninyima usingizi ni bei.

Ukitaka kuuza Toyota IST hapa mjini huna haja ya kuumiza kichwa. Hata muuza chipsi wa mtaani anajua IST yenye pleti ya namba D inauzwaje na yenye pleti ya namba E, iliyokuja baadaye, inauzwaje. Unataja, mnavutana laki tano, mmemaliza. Toyota 86 haina bei ya mtaani. Ziko chache, zinauzwa kwa nadra, na kila aliyeuza anataja bei yake kwa kuongeza chumvi. Wanaoipenda hawana hela, wenye hela wanataka Prado. Halafu la kwangu ni gia za mkono, nusu ya watu wa mji huu hawataki hata kulisikia, wamezoea otomatiki. Wale wachache wanaolitaka ndio hao hao wanaotaka gia za mkono, kwa hiyo sijui hilo niliweke kwenye faida au kwenye hasara.

Nikaona nitumie hesabu. Nililiagiza mwaka 2022, gari la 2017, lilikuwa na miaka mitano. Dola ilikuwa 2,300 na ushee. Mpaka linatoka bandarini lilikuwa limekula milioni 53. Ukiliagiza leo, la mwaka huo huo, mambo ni mengine. Limevuka miaka minane, watu wa mapato, TRA, wanakuongezea asilimia 15 ya uchakavu juu ya ule ushuru wa forodha wa asilimia 25 na ile asilimia 5 ya ukubwa wa injini, kisha VAT ya asilimia 18 inakuja kukaa juu ya yote hayo. Likipita miaka kumi, hiyo 15 inakuwa 30. Na dola imepanda ikashuka, lakini haijarudi kule tulikoiacha. Nimepiga na kupiga, huwezi kulifikisha barabarani chini ya milioni 60. Ukisema uruke uchukue lile jipya, GR86, injini yake ni lita 2.4, linatoka kwenye asilimia 5 linaingia kwenye 10, mbali na bei yenyewe ya kununulia. La kwangu ni cc 1998, limepenya chini ya 2000 kwa tundu la sindano.

Kwa hiyo nikasema 55. Mtu anaokoa si chini ya milioni tano, hasubiri meli, analiona kwa macho, anakaa, anaendesha. Nimekosea wapi?

Nikampigia yule dalali aliyemuuzia Shafii Harrier. Akaja, akalizunguka, akapiga teke tairi (kwa nini wanapiga teke tairi?), akaniambia, "Dada, chuma ni kizuri, ila hii ni 35." Nikamuuliza 35 kaitoa wapi. "Soko, dada. Halafu ni namba D." Namba D ya mwisho mwisho! Ningechelewa bandarini kidogo tu ningepewa E, gari ni lile lile, kilomita zile zile. Nikamwonyesha kilomita, elfu 41. Akacheka. Hapa mjini hakuna anayeamini kilomita, kila mtu anajua zinarudishwa. Ndipo nikatoa ile ripoti ya mnada kutoka Japani, imeandikwa kilomita elfu 24 wakati linauzwa kule, gredi ya hali ya gari 4.5, ya ndani B, na kitabu cha sevisi nilizofanya hapa. Hapo akanyamaza, akapanda hadi 42 peke yake bila mimi kusema neno. Kwa hiyo karatasi moja thamani yake milioni saba, shoga. Mimi ningekuwa naifungia sambusa.

Nikamwambia basi, tafuta mtu, mimi nataka 55 mkononi, chako utaongea na mnunuzi. Kumbe nimejichimbia. Baada ya siku mbili tatu nafungua Instagram, naliona gari langu kwa milioni 64, "mali safi, haina kipengele, lilikuwa la mdada, limetunzwa." Chini kidogo naliona tena, dalali mwingine, 61. Wa tatu 67. Namba wameifuta kwa kidole, ila nyuma ya gari kanga za Mama zimeanikwa kwenye kamba, unaweza kuzisoma maneno yake. Kila mmoja kaweka cha juu chake, na anayelitaka kweli akiliona kwa bei tatu anafikiri nina shida au nimeiba. Nimewapigia waziondoe, wawili wameondoa.

Na hilo la "lilikuwa la mdada" ndilo linalonichekesha na kuniudhi. Kwenye tangazo, mdada ni sifa. Wakija nyumbani, mdada hayupo. Nafungua geti, nawasalimia, mtu anatazama begani kwangu: "Mwenye gari yuko wapi?" Mmoja alizungumza bei yote na Hamisi, ambaye alikuwa kaja kurekebisha bomba la maji. Hamisi naye, mjinga wa Mungu, akashusha milioni mbili kwa kumwonea huruma!

Wengine ndiyo hivyo. Kuna aliyetaka tubadilishane na Crown na kiwanja Chanika, hati "inafuatiliwa". Vijana wengine walikuja kulijaribu, mmoja anaendesha, mwenzake anarekodi, nikajua pale pale kwamba hapa hakuna mnunuzi, kuna video. Sasa simpi mtu ufunguo mpaka tumekubaliana bei kwa masharti ya ukaguzi, na naendesha mimi kwanza, yeye anakaa pembeni.

Wa Jumamosi ndiye aliyekuja kwa dhati. Baba wa makamo, mfanyabiashara wa Kariakoo, kaja na fundi wake. Fundi kafungua boneti, nikawasha. Unaukumbuka ule mlio, tri-tri-tri, kama nyenje kajificha ndani ya injini? Ni pampu ya mafuta ya presha kubwa, zote zinalia hivyo tangu kiwandani. Fundi akakunja uso: "Bosi, hii ina kitu." Nikaeleza. Hakunisikiliza. Halafu akasoma maandishi juu ya injini, kaona Toyota, kaona na Subaru. Basi ikawa kesi. "Dada umetuambia Toyota." Nikamwambia ni Toyota, walitengeneza pamoja, injini ni ya Subaru, hata kiwanda ni cha Subaru. Bosi akasogea nyuma hatua moja, unajua watu wa hapa na Subaru, wanafikiria mafuta na gasketi. Fundi akamalizia kwa kusoma kwenye simu kwamba hizi ziliitwa kurudi kiwandani kwa ajili ya springi za valvu. Kweli, ilitangazwa mwishoni mwa 2018, lakini ni zile za 2012 na 2013. Langu ni la 2017. Nikamwomba asome tarehe kwa sauti. Akasoma. Bosi akacheka, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuniona mimi ndiye mwenye gari.

Akaweka 48. Taslimu, benki, Ijumaa hii. Baada ya Ijumaa anasema anachukua kitu kingine.

Neema, 48. Raum nzuri naipata kwa pesa isiyofika nusu ya hapo, na kinachobaki kinaezeka ile nyumba ya Kibada kabla ya masika. Nikiwaza hivyo nataka kumpigia sasa hivi usiku huu. Halafu nakumbuka zile milioni 60 za kuagiza lingine, nakumbuka uchakavu wa asilimia 15, nasema huyu ananipokonya. Halafu Mama anakohoa chumbani nakumbuka kliniki ya wiki ijayo. Gari hili likikaa uani halipungui bei kwa haraka, lakini bima kubwa inaisha mwezi ujao, na kuilipia tena gari ninaloliuza roho inaniuma.

Kuna jambo jingine kwa huyo bosi. Anataka kwenye mkataba tuandike milioni 25. Sababu ni ile asilimia moja ya ushuru wa stempu wakati wa kubadilisha jina kwenye kadi ya gari. Asilimia moja ya 48 ni laki nne na themanini! Mtu mwenye milioni 48 anakimbia laki nne na themanini, na mimi nisaini uongo mbele ya wakili. Likitokea la kutokea, hela zikadaiwa kurudishwa, karatasi itasema alinipa 25. Hilo nimemkatalia waziwazi. Kasema atafikiri. Kwa hiyo hata hiyo 48 sijui kama ni 48.

Ekzosi ile ya kelele nimeivua, nimerudisha ya kiwandani, usinililie. Mnunuzi hakulipi hata senti kwa madoido, tena anaanza kujiuliza lilikimbizwa wapi. Naiuza peke yake, na rimu zile nyeusi pia. Kama Babu Ali bado anazitaka, mwambie anitafute yeye mwenyewe, siyo kutuma watoto.

Sasa ombi langu. Yule kijana wa Njiro, mdogo wake Godi, aliyeninyang'anya ufunguo kwenye harusi ya Shafii akazunguka nalo hadi chakula kikaisha. Aliniambia siku hiyo, "Dada Zuhura, siku ukiliuza mimi wa kwanza." Nilidhani ni pombe inaongea, lakini nasikia sasa ana kampuni yake ya kutembeza watalii na mambo yamemnyookea. Naomba umpitie, kwa upole, uliulizie kwa mbali. Usimwambie nina haraka. Usimtajie Ijumaa. Usimtajie 48 kabisa! Mwambie tu umesikia Zuhura analitoa kwa 55, na ripoti ya mnada ipo, kadi ina jina langu mwenyewe, halina deni benki, halina faini. Akiuliza maelewano, sema hujui, aongee na mimi. Akifika 52 yeye mwenyewe, shoga, namletea hadi Arusha kwa mikono yangu, nipate na ile barabara ya Korogwe mpaka Same mara ya mwisho, gia ya tatu, ya nne, dirisha wazi.

Na pesa zije kwa TISS, ule mfumo wa kutuma benki kwa benki, nizione zimeingia, ndipo kadi itoke mkononi kwangu. Hata kama ni mdogo wake Godi.

Haya, niambie. Wewe ungekuwa mimi ungeshika 55 au ungechukua 48 ukalala? Lile Vitz lako uliuza kwa mtu uliyemjua au mgeni, na ulijutia? Kijana wa Njiro ana hela kweli au ana picha za hela? Mkewe atakubali gari la siti mbili na nusu? Njia za kwao zimewekwa lami au bado ni yale mawe, maana bampa la mbele litaishia huko? Unadhani nikimwambia bosi 50, andika ukweli, Ijumaa, atakubali au atakimbia? Na ukinishauri ningoje, je, utaniazima hela ya Raum wakati nangoja?

Nijibu kabla ya Ijumaa mchana, hata kwa neno moja.

Wako,
Zuhura