Huku wananiita Bursch

Mama shikamoo, Salim na nyote hamjambo. Mie huku Bavaria, kusini mwa Ujerumani, mzima, baridi imelegea, kazi ya kutunza wazee inaendelea.

Salim uliuliza hao wazee wananiitaje. Wananiita Bursch, yaani kijana, na neno lenyewe limenichekesha nilivyojua limetoka wapi. Mwenzangu wa kazini ametoka Berlin, yeye halitumii, kwao mvulana ni Junge basi, hili ni la huku kusini na Austria.

Sasa sikiliza. Kilatini bursa ni mfuko wa ngozi wa kutilia pesa. Zamani wanafunzi wa chuo walikua wanaishi bweni moja wanakula kwa mfuko mmoja, bweni likaitwa jina la mfuko, alafu wote waliomo wakaitwa jina la bweni, kufika miaka ya 1600 hivi hata mmoja peke yake ni Bursche! Baadae likatoka chuoni likawa kijana yeyote, na jeshini ndo yule askari wa kumtumikia afisa, kumng'arishia buti. Soko la hisa wanaliita Börse, mfuko ule ule, na hata basari yetu imetoka humo humo.

1815 wanafunzi wa mji wa Jena wakaanzisha Burschenschaft, yaani chama cha wanafunzi, wanataka vinchi vyote vya Kijerumani viungane, nyeusi nyekundu na dhahabu unayoiona kwa bendera ya Ujerumani ilianza kuvuma na hao. 1819 mmoja wao, Karl Sand, akamuua mwandishi Kotzebue kwa kisu, serikali za hivyo vinchi zikavipiga vyama hivyo marufuku. Vipo mpaka leo, vingine siasa zao za kibaguzi, huko sikanyagi.

Mie napenda Burschenverein za vijijini, vyama vya vijana ambao hawajaoa. Tarehe moja mwezi wa tano wanasimamisha mti umepakwa buluu na nyeupe, mrefu kuliko nguzo ya stima, na kabla hapo wanaulinda usiku kwa zamu sababu kijiji jirani watakuja kuuiba, na ukiibiwa hakuna kwenda polisi, mnakaa mnapatana fidia, yenyewe ni bia na chakula. Mzee mmoja ninayemwogesha asubuhi bado anajisifu vile waliuiba wa jirani, akisimulia mikono juu povu lote linanirukia mimi.

Salim fomu ya basari mpelekee chifu mapema, usingoje foleni. Nauli natuma Ijumaa kwa simu ya mama.