Barua kwa Mjomba anayemtetea Jyggalag

Mjomba, shikamoo.

Juzi pale Busia, tukingoja rolex, ile chapati ya mayai, kwa yule kijana wa steji, ulinikata kauli mbele za watu: "Jyggalag ndiye aliyekuwa na haki, nyinyi wengine mnapenda fujo tu." Chapati ikaja, ukalipa, ukaondoka. Kwa vile umenilipia nilinyamaza. Jibu langu ndilo hili, na naliandika hadharani kwa sababu nyumbani hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Kwa wanaosoma bila kujua ugomvi wetu: gemu ni la kompyuta, Oblivion ya mwaka 2006, na kisa kimo kwenye nyongeza yake ya 2007, Shivering Isles. Jyggalag ni bwana wa utaratibu kati ya Daedra, wale wakuu ambao hawakutia mkono kuumba dunia ya wanadamu. Nguvu zake zilipopanda, wenzake wakaingiwa na hofu. Wakamlaani awe kitu alichokichukia kuliko vyote, yaani Sheogorath, bwana wa wendawazimu. Kila zama zikiisha anarudishiwa umbo lake, anaifyeka nchi yake kwa jeshi lake mwenyewe, halafu anageuzwa kichaa tena na kuanza kujenga upya. Mzunguko huo wanauita Greymarch.

Hapo nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Mabwana waliodai kuogopa minyororo ya Jyggalag walimfunga yeye kwa laana yenye ratiba, inayofika kwa wakati kuliko basi lolote la kwenda Kampala. Umeliona hilo mapema kuliko mimi, ni sawa. Wewe ni wakala wa forodha, ratiba iliyovunjwa unaisikia mwilini.

Ila maktaba, Mjomba. Maktaba huizungumzii.

Unamkumbuka Dyus, yule mzee aliyefungiwa kwenye magofu ya Knifepoint Hollow, mtunza maktaba wa mwisho wa Jyggalag. Anasema vitabu vile vilikuwa na kila tendo la kila kiumbe kabla halijatendeka, yote yamepigiwa hesabu. Sheogorath akaiona maktaba hiyo kuwa chukizo, ikachomwa moto. Mara ya kwanza kuyasikia maneno ya Dyus nilisimamisha gemu, nikabaki naangalia lile feni la kompyuta yako ulilolifunga kwa mpira wa baiskeli. Swali lililonijia siku ile bado ninalo. Kama kila tendo lilikuwamo, basi na moto ule ulikuwamo. Laana nayo ilikuwamo. Jyggalag alisoma ukurasa unaosema wenzake watamgeuza kichaa, asifanye kitu? Ama hesabu yake ilikuwa na tundu, na hapo utaratibu unaoutetea ni wa kubahatisha kama wetu sote. Ama aliusoma, akafunga kitabu, akaenda kulaaniwa kwa zamu yake kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Bwana wa namna hiyo ni mfungwa wa daftari lake.

Bibi, mama yako, alikuwa na kisa cha Waganda kinachokaribia hiki, tukienda likizo Mityana. Ggulu, bwana wa mbinguni, alimwambia binti yake Nambi aondoke na mumewe Kintu, mtu wa kwanza, asubuhi na mapema, na hata akisahau kitu njiani asirudi. Nambi akasahau ulezi wa kuku. Akarudi, na kaka yake Walumbe, ambaye ni kifo, akamfuata hadi duniani. Utotoni nilimlaumu Nambi. Siku hizi namtazama Ggulu: mtu hasemi "hata ukisahau" kama hajui kwamba utasahau. Alijua, akaacha tu mlango wazi. Halafu Kayikuuzi, ndugu yao, akaja kumkamata Walumbe, akaamuru watu wote wanyamaze, na watoto waliokwenda malishoni wakamwona Walumbe, wakapiga kelele. Mashimo ya Tanda, Walumbe alikozama ardhini, yapo hadi leo, kwa sababu ya makelele ya watoto. Bibi alikuwa akicheka akifika hapo. Hakuwahi kusema ni kosa la nani.

Gemu lenyewe si la kusifiwa sana katika hili. Linakuachia uchague kuwa mtawala wa Mania au wa Dementia, zile nusu mbili za nchi ya Sheogorath, na njia zote mbili zinamwagika kwenye kiti kilekile, cha Sheogorath mwenyewe. Kumtumikia Jyggalag huruhusiwi; mwishoni ni lazima umpige. Ndiyo maana ulisimama nje ya kasri ukasema, "Simpigi mimi huyu," ukasevu, yaani ukahifadhi ulipofikia, ukazima. Kwa maoni yangu, hilo ndilo tendo la hiari pekee lililowahi kufanyika ndani ya gemu lile, na alilifanya mtetezi wa utaratibu.

Sasa nisikie bila kupandisha sauti. Ile sevu yako haikuliwa na umeme, kama nilivyokuambia miaka yote hii. Nilikuwa darasa la saba, wewe umekwenda Malaba kufuatilia karatasi za lori. Niliifungua, nikampiga Jyggalag, akaanguka. Akasimama tena akiwa huru, akaaga, akaenda zake. Nikasevu juu ya yako.

Na mhusika ulikuwa umempa jina lako, Mjomba. Kwa hiyo aliyekalia kiti cha Sheogorath mpaka leo ni wewe.