Kazi za hoteli Dubai: ulizeni mshahara wa msingi

Mhariri,

Msimu wa watalii Dubai huanza Oktoba ukaisha Aprili, kwa hivyo matangazo ya kazi huanza kutuandama mapema. Yako kwenye status za WhatsApp, yako kwenye nguzo za stima Mombasa na Mtwapa: "Weita, hausikipa, wahudumu wa ufukweni. Mshahara dirham 1,800. Malazi na usafiri bure." Dirham 1,800 ukizibadilisha ni kama shilingi 63,000, na kwa kijana aliyezoea kuambiwa akapumzike nyumbani kila Mei hoteli za Diani zikikosa wageni, namba hiyo yatosha kumfanya mzee wake auze kipande cha shamba la minazi.

Magazeti huandika sana habari za waliokwama Ghuba, na ni vyema yaendelee. Lakini kuna wengi wanaokwenda kazi za hoteli wasiokwama popote. Wanamaliza miaka yao miwili, wanarudi na pesa pungufu ya walizopigia hesabu, na hawajui zilipotelea wapi. Mara nyingi zilipotelea kwenye mstari mmoja wa mkataba ambao hawakuuliza: mshahara wa msingi, yaani mshahara wenyewe kabla ya marupurupu.

Chukua mikataba miwili ya weita, yote ya dirham 1,800 kwa mwezi. Wa kwanza umegawanywa hivi: msingi 800, chakula 400, "mengineyo" 600. Wa pili: msingi 1,500, chakula 300. Mwisho wa mwezi benki inaonyesha kiasi kile kile, na wawili hao wanaweza kulala kitanda cha juu na cha chini chumba kimoja wasijue kwamba hawalipwi sawa.

Tofauti huonekana pale sheria ya kazi ya Imarati (ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022) inapopiga hesabu zake, maana karibu zote hupigwa juu ya msingi. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka, katika miaka mitano ya kwanza. Mwenye msingi wa 800, siku yake moja ni dirham 26 na senti, mara 21 ni 560. Kwa miaka miwili anaondoka na 1,120. Mwenye 1,500, siku yake ni dirham 50, mwaka ni 1,050, na miaka miwili ni 2,100. Hapo pekee pameachana zaidi ya shilingi 34,000.

Saa za ziada nazo hulipwa kwa msingi ukiongezwa asilimia 25. Saa moja ya mwenye 800 ni dirham 3.33, ikiongezwa inafika 4.17. Ya mwenye 1,500 ni 7.81. Mkizidisha saa moja kila siku kwa siku 26, mmoja anapata dirham 108 na mwenzake 203, kwa kubeba sinia zile zile. Sheria inataja pia nyongeza ya asilimia 50 kwa kazi ya ziada kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, lakini wanaofanya kazi kwa zamu hawamo, na hotelini karibu kila mtu yuko kwenye zamu. Maajenti huitaja sana hiyo asilimia 50. Usiipigie hesabu.

Kuna na bima ya kupoteza kazi, ambayo ni lazima tangu Januari 2023. Mwenye msingi usiozidi 16,000 huchangia dirham 5 kwa mwezi, na asiyejisajili hupigwa faini ya 400. Ukiachishwa kazi baada ya kuchangia miezi 12 mfululizo, bila kosa la nidhamu na bila kujiuzulu mwenyewe, unalipwa asilimia 60 ya msingi kwa muda usiozidi miezi mitatu. Asilimia 60 ya 800 ni 480. Pesa hiyo hailipi hata kitanda cha kupanga mtaa wa Satwa, Dubai.

Na asidhani mtu kwamba serikali ya huko itaingilia kati mgawanyo huo ukizidi ujanja. Hakuna kima cha chini cha mshahara kwa wageni. Mgawanyo uliotia saini ndio utakaokaa nao.

Pa kuuona ni kwenye barua ya ofa ya Wizara ya Kazi ya Imarati, inayojulikana kwa kifupi MOHRE. Barua hiyo huja kabla ya viza, si baada yake. Ina namba ya muamala inayoweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya wizara, ina jina la kampuni, cheo, na mshahara ukiwa umegawanywa. Mkataba utakaotia saini ukifika hautakiwi kuwa chini ya barua hiyo. Karatasi aliyoichapa ajenti yenye nembo ya hoteli na picha ya minazi si barua ya ofa, hata iwe na mihuri mitatu. Mkataba huwa kwa Kiarabu na Kiingereza, na maneno yakipishana, Kiarabu ndicho kinachofuatwa. Pwani hatukosi wajuao Kiarabu. Muhimu umpate anayekielewa, si anayekisoma tu.

Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa wa leba, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya maajenti wenye leseni. Ombi langu kwa afisi hizo ni dogo na halihitaji bajeti: mkataba usioandika mshahara wa msingi peke yake, kwenye mstari wake, usigongwe muhuri. Kwa sasa swali linaloulizwa ni "jumla ni ngapi?", na hilo hata ajenti wa kando ya barabara analijibu vizuri.

Suala la pili ni viza. Ukitumiwa, soma aina yake. Ikiwa imeandikwa utalii au matembezi, hiyo si viza ya kazi, hata ajenti akuapie kwamba "utabadilisha ukifika". Kubadilisha ukiwa ndani kunawezekana kweli, ndiyo maana uongo huu unauzika. Kinachoharibika ni hiki: viza ya matembezi ni siku 30 au 60, na hoteli ikichelewa wiki tatu kukujibu, siku zinakwisha ukiwa kwenye kitanda cha kulipia. Baada ya hapo ni faini ya dirham 50 kila siku. Kufanya kazi kwa viza hiyo ni kosa, na tangu 2024 mwajiri anayekamatwa na mtu wa namna hiyo hutozwa kati ya dirham 100,000 na milioni moja. Hoteli yenye jina haiwezi kujitia kwenye hatari hiyo kwa ajili ya weita mmoja. Anayekubali kukuweka ni yule asiyepitisha mishahara kwenye mfumo wa benki unaosimamiwa na wizara, na asipokulipa huna karatasi ya kuonyesha.

Gharama za viza, kibali cha kazi, kipimo cha afya na kitambulisho ni za mwajiri. Sheria inakataza kumtoza mfanyakazi, moja kwa moja au kwa kumkata mshahara. Pasipoti nayo si ya kuwekwa na kampuni. Hayo mawili huvunjwa mno, na huvunjwa kwa upole: "Tuwekee salama tu."

Kipimo cha afya hufanywa ukishafika: damu kwa ajili ya VVU na picha ya kifua kwa ajili ya TB. Atakayekutwa na VVU hapewi ukaazi, anarudishwa. Kovu la TB ya zamani, hata iliyopona kabisa, huweza kuzua maswali kwenye picha. Kwa hiyo piga picha ya kifua nyumbani kabla ya kuuza chochote. Ni gharama ndogo kuliko tiketi.

Kuhusu saa za kazi, sheria inasema 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na usifanye zaidi ya saa tano mfululizo bila mapumziko ya saa moja. Ramadhani zinapungua mbili kwa siku, kwa Mwislamu na asiye Mwislamu. Zinazowachosha watu mikahawani ni zamu zilizokatwa katikati. Unaingia saa tano asubuhi, unatoka saa tisa alasiri. Unarudi saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku. Kwenye karatasi ni saa tisa. Lakini mabweni ya wafanyakazi yako Al Quoz, Jebel Ali au Sonapur, mkahawa uko mitaa ya ufukweni ya JBR au Jumeirah, na basi la kampuni halikurudishi katikati. Yale masaa matatu unayamaliza chini ya jengo, karibu na mahali pa magari, umelalia katoni. Ukijumlisha basi la kwenda na kurudi, umekuwa nje ya kitanda saa kumi na nne, na umelipwa kwa tisa, ikiwa ile ya tisa imeandikwa. Kwenye usaili uliza wazi kama zamu ni moja au zimekatwa, na mabweni yako wapi. Meneja mwaminifu hujibu bila kukunja uso.

Wanaoomba kazi ya ufukweni, ya kupanga vitanda vya jua, miavuli na taulo, waulize ratiba ya kiangazi. Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba kazi za juani hukatazwa kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri. Miezi hiyo joto hupita nyuzi 40 na wageni hupungua, na hapo ndipo hoteli nyingine huwaambia watu wachukue likizo bila malipo. Bakshishi nazo hukauka. Anayetuma nyumbani kila senti ya Desemba huikopa tena Julai.

Kama malazi hayatolewi, utapanga kitanda, si chumba. Satwa, Deira na Al Barsha kitanda kimoja hukaribia dirham 600 hadi 900 kwa mwezi, na amana juu yake. Tangu katikati ya 2025 Manispaa ya Dubai imekuwa ikisaka nyumba zilizogawanywa kwa mbao bila kibali, na msako ukipita wapangaji hutoka na mabegi huku amana ikibaki kwa aliyewapangisha. Omba risiti, na hesabu vitanda kabla ya kulipa.

Muda wa majaribio hauzidi miezi sita. Ukitaka kuhamia mwajiri mwingine humo humo nchini kabla haujaisha, toa notisi ya mwezi mmoja. Ukirudi nyumbani ni siku 14. Usiondoke tu. Ukitoweka siku saba mfululizo mwajiri anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, na kibali kingine cha kazi hukipati kwa mwaka mzima.

Neno moja kuhusu begi. Miraa, ambayo kwetu ni biashara halali, Imarati ni dawa ya kulevya, hata kishada kimoja ulichowekewa na binamu. Tramadol na dawa za kikohozi zenye kodeini zinahitaji kibali kabla ya safari. Na jambo ambalo Wakenya hulijua wakiwa wamechelewa: kuchangisha pesa bila leseni ni kosa, pamoja na ule mchango wa msiba unaoanzishwa kwenye kundi la WhatsApp na orodha ya majina na viwango. Faini zake huhesabiwa kwa malaki ya dirham. Mchango wa mazishi uendeshwe na jamaa walio Kenya, kwenye namba ya Kenya.

Mambo yakiharibika, wizara ina namba ya simu, 600590000, na malalamiko hupokelewa pia kwenye programu yake. Tangu Januari 2024 dai lisilozidi dirham 50,000 huamuliwa na wizara yenyewe bila kwenda mahakamani kwanza. Ukomo wa kudai ni miaka miwili tangu kazi iishe. Kinachowaangusha wengi ni kukosa ushahidi wa saa za ziada, kwa sababu ratiba hubandikwa ukutani jikoni na kubanduliwa Jumapili. Ipige picha kila wiki, tarehe ionekane, uitume kwa mtu wa nyumbani.

Siku ya kuondoka utaletewa fomu ya kufuta kibali, nayo ina sentensi inayosema umepokea haki zako zote: mshahara wa mwisho, siku za likizo zilizobaki, kiinua mgongo. Mwajiri ana siku 14 tangu mkataba uishe kulipa hayo. Karani atakwambia utie saini sasa, pesa zitafuata, kwani ndege yako ni kesho. Fungua kwanza programu ya benki kwenye simu, mbele yake, utazame salio.

Mfanyakazi wa hoteli,
Mombasa